Safari yako ya kwanza Ngazija: anza kupanga na mlima

Ukisimama ufukweni Mikindani ukatazama mashariki, ukageuza uso kidogo kuelekea kusini, mbele yako kuna maji matupu ya kiasi cha kilomita 370, kisha kuna mlima. Unaitwa Karthala. Una mita 2,361 na ni volkano hai. Pamoja na nduguze wawili, La Grille wa kaskazini wenye mita 1,087 na ule mkongwe wa Mbadjini upande wa kusini-mashariki, ndio uliojenga kisiwa kizima cha Ngazija, kikubwa kuliko vyote katika nchi ya Komoro.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Mtwara. Nimechora volkano ubaoni kwa chaki nyekundu mbele ya watoto ambao hawajawahi kushika jiwe la lava, kwa sababu huku kwetu hakuna. Tuna mchanga, udongo wa mfinyanzi na mawe ya matumbawe. Kule Lindi, mijusi mikubwa ya Tendaguru ilichimbwa katika miamba yenye umri wa kama miaka milioni 150. Ngazija kuna jiwe ambalo kwangu mimi ni dogo kwa umri, lava iliyoteremka Singani mwaka 1977. Dada yangu mkubwa ameolewa Itsandra, kilomita chache kutoka mji mkuu, Moroni, kwa hiyo huenda kumtembelea, na walimu wenzangu pamoja na vijana niliowafundisha wameshanizoea kwa maswali: nauli, viza, tuende lini.

Wengi huanza na ufukwe, wanatafuta hoteli kwanza. Mtu wa Mtwara au Lindi ana ufukwe mlangoni kwake. Msimbati yetu haina cha kuionea wivu Mitsamiouli yao. Kilichoko Ngazija na ambacho sisi hatuna ni mlima ulio hai. Kwa hiyo kila anayeniuliza namwambia aanze na mlima. Siku za mlima ndizo zitakazochagua mwezi, mwezi utachagua tiketi, na tiketi itakuambia uanze kuweka akiba lini. Mengine yote yapange yauzunguke.

Mwezi wa kwenda

Mwaka wa Ngazija unaendeshwa na pepo zile zile za kwetu. Kaskazi huleta joto na mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kusi huleta ukavu na ubaridi kuanzia Mei hadi Oktoba. Lakini huko kuna ukuta wa mita zaidi ya elfu mbili uliosimama mbele ya mawingu, na mteremko wa magharibi wa Karthala hupata mvua mara kadhaa ya ile tunayoipata Mtwara. Kupanda wakati wa kaskazi ni kupanda ndani ya wingu, na ukifika juu huoni hata mguu wako.

Kuna na vimbunga. Hapo mtu wa Mtwara hahitaji maelezo marefu. Aprili 2019 Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija usiku, na siku iliyofuata kikaipiga Cabo Delgado, Msumbiji, huku serikali ikiwa imewataka watu wetu wa mabondeni wahame. Ukichagua Januari mpaka Aprili kwa sababu tiketi ni nafuu, jua kwamba ndio wakati bahari hii inapozaa mambo kama hayo.

Julai na Agosti hali ya hewa ni nzuri sana, ila Wangazija wanaoishi Ufaransa, wengi wao Marseille, hurudi nyumbani kwa ajili ya ndoa kubwa, ile ada ambayo mtu huiwekea akiba sehemu kubwa ya maisha yake. Ndege hujaa, magari hukodiwa yote, na vyumba hupanda bei. Ukipenda kuona ngoma na misafara ya harusi, nenda wakati huo, lakini kata tiketi miezi mingi kabla. Kama lengo lako ni mlima, mimi husema Juni, au tangu mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Angalia na kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani si wakati wa kumtafuta mtu akubebee mizigo mlimani.

Njia ya kufika

Japo Ngazija iko mbele ya macho yetu, njia ya kawaida inakuzungusha. Unapanda kwanza Dar es Salaam, na kutoka Dar kuna ndege mpaka uwanja wa Hahaya, kama kilomita 20 kaskazini mwa Moroni. Air Tanzania huenda huko, na kutoka Dar ni kiasi cha kilomita 700 tu, kwa hiyo angani hukai muda mrefu. Saa za huko ni zetu hizi hizi, hutagusa mshale.

Pa kuwa mwangalifu ni huku nyumbani. Anayetoka Mtwara au Lindi kwa basi asiweke safari ya ndege siku anayofika Dar, wala kesho yake asubuhi kama ni masika. Mei 2024 mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi hadi Dar kwenye madaraja ya upande wa Somanga, na watu walikaa njiani kwa siku kadhaa. Fika Dar ukiwa na siku mbili mkononi. Gharama ya kulala Dar usiku mmoja zaidi ni ndogo kuliko tiketi iliyopotea. Wakati wa kurudi fanya vivyo hivyo, usinunue tiketi ya basi la alfajiri kwa kutegemea ndege ya jana yake itafika kwa wakati.

Utasikia bandarini kwamba kuna vyombo vya mizigo, kwamba saruji ya Mtwara inakwenda Komoro kwa meli na nahodha fulani hana shida na abiria. Saruji inakwenda kweli. Wewe usiende nayo. Mkondo wa bahari kati yetu na visiwa vile una nguvu, kusi ikivuma mawimbi ni makubwa, na chombo cha mizigo hakina nafasi wala vifaa vya kuokolea abiria ambao hawamo kwenye orodha. Nimekaa na familia zilizosubiri habari za ndugu baharini, na sitaki kuona mwanafunzi wangu akiingia kwenye orodha hiyo.

Karatasi na pesa

Pasipoti unaombea kwa mtandao, kisha unakamilisha ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Tayarisha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa mapema, kwa sababu hapo ndipo watu wa vijijini wanapokwama, hasa jina likiwa limeandikwa hivi kwenye cheti na vile kwenye kitambulisho. Hakikisha pasipoti ina zaidi ya miezi sita mbele. Viza ya Komoro hutolewa uwanjani ukifika, na hulipwa taslimu kwa fedha za kigeni. Ulizia kiwango kwenye ubalozi wao Dar es Salaam ukiwa bado huku, halafu weka kiasi hicho kwenye bahasha peke yake pamoja na tiketi ya kurudi na anwani ya utakapofikia. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ikae ndani ya pasipoti. Kama hawakuulizi, hujapoteza kitu.

Pesa yao ni faranga ya Komoro, na imefungwa kwenye euro kwa kiwango kisichobadilika: euro 1 ni karibu faranga 492. Hesabu ya haraka ya sokoni ni kwamba faranga 5,000 ni kama euro 10. Kwa hiyo nunua euro Dar, siyo dola, na chukua noti ndogo ndogo zilizo safi. Yule aliyezoea kulipa kila kitu kwa simu, kuanzia bodaboda mpaka samaki, ajiandae kimawazo, huko atatembea na noti. Mashine za kutolea pesa ni chache na hupatikana hasa Moroni. Exim Bank ya Tanzania ina benki yake pale, lakini usiifanye kadi kuwa tegemeo lako la pekee. Vitu vingi vya dukani huja kwa meli kutoka nje, pamoja na mchele, kwa hiyo chakula kitakuwa ghali kuliko ulivyozoea. Samaki, ndizi, muhogo na nazi hazitakusumbua.

Mlima wenyewe

Hapa nitakaa kidogo.

Karthala ni volkano ya namna ya ngao. Lava yake ya basalti ni nyepesi, hutiririka mbali kabla ya kuganda, ndiyo maana mlima ni mpana na mteremko wake haukutishi ukiutazama ukiwa Moroni. Usidanganyike na upana huo. Kilimanjaro una urefu zaidi ya mara mbili ya huu, lakini gari linakufikisha juu ya mita 1,600 kabla hujaanza kutembea. Karthala unaanzia karibu na miguu yake, kwenye vijiji kama Mvouni juu ya Moroni, au Boboni ambako gari lenye nguvu linakusogeza juu zaidi. Kwa njia ya Mvouni utapanda takriban mita 2,000 kwa miguu yako.

Wako wanaoupanda na kushuka kwa siku moja. Mimi sikushauri hivyo, hasa mara ya kwanza. Weka siku mbili na usiku mmoja, halafu ongeza siku ya tatu ya akiba ambayo huifanyii mpango wowote, ili wingu likikataa kuondoka uweze kusubiri. Ndiyo sababu nasema safari nzima isiwe chini ya siku nane: mlima siku tatu, kisiwa siku nne, na moja ya kupumzisha magoti.

Siku ya kwanza unapita mashamba ya migomba na mihogo, kisha msitu mnene wenye unyevu. Humo wanaishi ndege wasiopatikana kokote duniani isipokuwa Ngazija, akiwemo bundi mdogo wa Karthala. Hutamwona, lakini usiku unaweza kumsikia. Ukipanda zaidi msitu unapungua, inabaki miti mifupi yenye majani membamba kama sindano na mashina yaliyopindwa na upepo, na mahali hapo ndipo watu hupiga kambi. Alfajiri ya pili unamalizia. Unatoka kwenye vichaka, unakanyaga changarawe nyeusi, halafu ardhi mbele yako inakatika na unaitazama kaldera, shimo kubwa la kileleni, yenye upana wa kilomita tatu kwa nne hivi. Ndani yake kuna kasoko, yaani mdomo wa volkano, iitwayo Chahalé. Liliwahi kuwamo ziwa humo, likatoweka katika mlipuko wa Aprili 2005. Nilipofika mara ya kwanza sikuweza kusema kitu kwa muda. Yote niliyokuwa nikiyachora ubaoni yalikuwa pale, na yalitoa mvuke.

Sasa mambo ya kutekeleza.

Mwongozaji ni lazima, na awe mtu wa vijiji vya mlimani, siyo kijana wa hotelini anayejua tu jina la mlima. Mwombe mwenyeji wako akutafutie. Mkubaliane bei kabla, mkubaliane nani analeta chakula na hema, na mtazame ana viatu gani. Mwongozaji aliyevaa ndala anaweza kuufahamu mlima vizuri sana, lakini muulize na habari za maji: utabeba lita ngapi, na yeye atabeba ngapi? Jibu lake litakuonyesha kama anakuchukulia kwa uzito.

Maana kule juu hakuna maji. Ngazija haina mto wala kijito cha kudumu, kwa kuwa mwamba wake una matundu na mvua yote huzama chini. Hesabu lita sita kwa mtu kwa siku hizo mbili, za kunywa na kupikia. Hiyo ni kilo sita mgongoni kabla hujaweka nguo, kwa hiyo kama huwezi, mlipe mchukuzi.

Baridi nayo ina hesabu yake, ile ninayowapa watoto darasani: joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Moroni ikiwa na nyuzi 26, ukingoni mwa kaldera ni kama 11, na hapo upepo haujahesabiwa wala alfajiri. Kwa mtu aliyekulia Lindi hiyo ni baridi ya kutetemesha meno. Beba sweta zito, koti la mvua, kofia ya sufu na soksi za akiba zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Viatu viwe vigumu vyenye kufunika kifundo, kwa sababu lava iliyoganda hukata kama chupa iliyovunjika, na glavu za bei nafuu za kazi zitakuokolea viganja ukiteleza. Kina mama na dada zangu: suruali ya kutembelea chini, juu yake gauni au kanga ya kupitia vijijini, ukishaingia msituni unaikunja.

Mazoezi yaanze miezi miwili kabla. Sisi wa pwani tuna miguu ya tambarare. Walioko Newala wana bahati, wateremke na kupanda Shimo la Mungu asubuhi wakiwa na dumu la lita tano begani. Wa Masasi wana vilima vyao vya mawe, wa Lindi wapande uwanda wa Rondo. Mtu wa Mtwara mjini atafute ngazi za ghorofa yoyote. Kinachochosha zaidi Karthala ni kushuka, kwa hiyo zoeza na magoti yako kushuka.

Na hatari. Hii ni volkano iliyolipuka zaidi ya mara ishirini tangu karne ya kumi na tisa, nami nataka uende ukiwa unajua. Mwaka 1903 gesi yake iliua watu 17. Mwaka 1977 lava ilitoka kwenye ufa chini kabisa mlimani, mbali na kilele, ikazika nyumba za Singani. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, majivu yakawafanya maelfu wakimbie vijiji vyao. Ukaja tena Mei 2006 na Januari 2007. Baada ya hapo umetulia kwa miaka mingi, na utulivu huo hauna mkataba. Moroni kuna kituo kinachousikiliza mlima kwa mitambo tangu 1988, chini ya taasisi ya taifa ya utafiti, CNDRS. Kabla ya kupanda, wewe au mwenyeji wako mpite pale mkaulize hali. Wakisema subirini, subirini. Ukiwa juu usiteremke kwenye mashimo yenye harufu ya kiberiti, maana baadhi ya gesi za volkano ni nzito kuliko hewa na hukaa chini bondeni bila rangi. Usitegemee kuokolewa haraka, watakaokubeba ukivunjika mguu ni hao hao ulionao.

Maji ya nyumbani

Watu wa uwanda wa Makonde watanielewa haraka kuliko wote, kwa sababu bibi zetu wa Newala na Tandahimba walishuka mabondeni usiku kufuata maji. Vijiji vingi vya Ngazija huishi kwa mvua: bati, mfereji, na birika kubwa la saruji kando ya nyumba. Dada yangu hufunga kitambaa cheupe kwenye mdomo wa mfereji na hukibadilisha kila baada ya upepo mkali. Majivu ya Novemba 2005 yalipoanguka, yalianguka kwenye mabati hayo hayo na kuchafua maji ya kunywa ya watu wengi sana. Hiyo ndiyo sura ya volkano ambayo mgeni haioni: haihitaji kumwaga lava hadi mlangoni ili ikufikie.

Kwa hiyo ukikaribishwa kwenye nyumba, oga kwa kata na ndoo, usifungulie maji yakimwagika, na usioshe viatu vyako vya mlimani bila kuomba. Ya kunywa yachemshe au nunua ya chupa. Mwaka 2024 Komoro ilipata mlipuko wa kipindupindu. Malaria ipo, na chandarua usikione kuwa mzigo.

Siku za kuzunguka

Barabara inakizunguka kisiwa, na teksi za kushirikiana zinakwenda karibu kila upande. Magari hupita kulia, hivyo ukivuka tazama kwanza kushoto, na umkumbushe mwenzako. Ukiwa kundi la watu wanne, kodi gari na dereva kwa siku, mtaona zaidi.

Nenda kaskazini siku ya kwanza. Utapita Hahaya hadi Mitsamiouli, uogelee, kisha usonge mpaka Ivoini ambako mwamba wa lava unanyanyuka kwa meno meno kando ya bahari, wenyeji huwaonyesha wageni kama mgongo wa joka. Karibu na hapo, Bangoi Kouni, kuna ziwa la chumvi lililojaa ndani ya kasoko, hatua chache kutoka baharini. Kaa ukingoni pale na utazame kwa zamu ziwa na bahari, maji mawili yenye rangi mbili.

Singani nenda kwa heshima. Ni kijiji cha watu, si maonyesho. Wasalimie wazee kwanza, omba ruhusa ya kupita, na mtu atajitolea kukuonyesha lava ilikopita. Nilichukua muda kugusa lile jiwe, na nilipiga picha ya kuwaonyesha wanafunzi. Ukiendelea utafika Foumbouni, na ukipandia upande wa mashariki Chomoni ina mchanga mweupe katikati ya mawe meusi.

Iconi iko karibu na Moroni. Juu ya mji kuna jabali ambalo mwanzoni mwa karne ya 19 wanawake walijirusha kutoka kwake ili wasichukuliwe utumwani na wavamizi wa Kimalagasi, wavamizi waliofika pia mpaka Mafia. Panda taratibu, na ukifika juu usipige kelele.

Moroni yenyewe inatosha siku moja na nusu. Vichochoro vya Badjanani vitakukumbusha Mikindani ya zamani, isipokuwa hapa kuta ni za jiwe jeusi. Msikiti wa Ijumaa wa zamani ulio kando ya bandari unasemekana kuanzia mwaka 1427. Watu wa tariqa watapenda kulizuru kaburi la Sheikh Muhammad Maaruf aliyefariki 1905, ambaye kutoka kwake tariqa ya Shadhiliya ilifika Kilwa na kuenea pwani yetu. Usikose jumba la makumbusho la CNDRS, mna samaki silakanti ndani. Mwaka 1952 ndipo ulimwengu ulipothibitisha kwamba samaki huyo aliyedhaniwa kutoweka zamani za mijusi mikubwa anavuliwa kumbe na wavuvi wa Komoro; na mwaka 2003 akavuliwa Songo Mnara, kwetu Kilwa. Nikiwa na wanafunzi wa Lindi hapo ndipo huwasimamisha muda mrefu kuliko kokote.

Kuishi na watu

Wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii kama pwani yetu, hivyo adabu unazo tayari: funika mabega na magoti, toa mkono wa kulia, usipite mbele ya wazee waliokaa barazani bila salamu. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Kabla ya kupiga picha ya mwanamke aliyepaka msindanu, urembo wao wa kupaka usoni, omba.

Kiingereza hakitakusaidia sana. Lugha za serikali ni Kikomoro, Kifaransa na Kiarabu. Kiswahili hata hivyo utakisikia sokoni Volo Volo, kwa wafanyabiashara waliowahi kuishi Dar au Zanzibar, nao hufurahi kukitumia. Mtu akikwambia karibu chakula, keti. Utaletewa mataba, kisamvu kilichopikwa kwa nazi mpaka kikaiva sana, na samaki jodari, na utashangaa jinsi ulivyo nyumbani.

Zawadi ya kubeba ni korosho. Kilo mbili za korosho nzuri zilizobanguliwa, zimefungwa kwa paketi ndogo ndogo, zitamfurahisha kila mwenyeji, dereva na mwongozaji kuliko chochote utakachonunua Dar. Ongeza tochi ya kichwani kwa ajili yako, kwa kuwa umeme hukatika, na adapta ya plagi, soketi zao ni za pini mbili za mviringo. Laini ya simu nunua ukifika, na wape watu wa nyumbani namba hiyo inayoanza na +269.

Kurudi

Mlima uwe mwanzoni mwa safari, siyo mwishoni, ili wingu likikuchelewesha lisile tiketi. Siku ya mwisho nunua vanila kavu na mafuta ya mlangilangi, yale yanayokwenda kwenye viwanda vya manukato Ufaransa. Vanila nzuri inapinda kidoleni bila kuvunjika, na chupa ya mafuta ifunge kwenye mifuko miwili. Teksi ya kwenda Hahaya iagize jioni ya kuamkia safari. Faranga zilizobaki zibadilishe Moroni kuwa euro kabla hujaondoka, usitegemee kupata wa kuzipokea Mtwara.